Mzee Mchome na Wilaya Iliyofutwa

Ukimpa Mzee Elihuruma Mchome dakika tano, atakupeleka Wolmersrode. Hakuulizi kama unataka kwenda. Kwa miaka minne nimempa lifti kutoka Columbia Heights hadi ghala la Shakopee, huku Minnesota, tunakofanya kazi siku nne kwa wiki, na kila asubuhi tukishavuka mto tu, huanza. Wilaya ile ina vijiji thelathini na kimoja na miji miwili midogo. Kaskazini ni tambarare, udongo mweusi, mashamba ya bitiruti za kutengenezea sukari. Kusini ni vilima, msitu, na machimbo ya mawe ya kuezekea nyumba. Mto unaopita katikati, kwa jinsi anavyouelezea, hauufikii hata Zigi wa kwetu.

Mimi ni mtu wa Muheza. Ujerumani sijakanyaga na hamu sina. Lakini leo ukinishtua usingizini nitakutajia kwamba hospitali ya Wolmersrode ilikuwa na vitanda mia na ishirini, kwamba kiwanda kimoja cha sukari kilifungwa na cha pili kikabaki, na kwamba magari yote ya wilaya ile yalibeba herufi WOL kwenye namba zake, ukilikuta gari popote unajua limetoka kwa nani. Haya yote yamejaa kichwani mwangu, mahali ambapo pangekaa mambo ya maana.

Aliyapataje? Mwaka 1994 alikuwa afisa mipango wa wilaya moja kwao Upareni. Kanisa la kwao lina urafiki na makanisa ya Ujerumani, na urafiki ule hupeleka watu na kuleta watu: wao huja kupanda mlima na kukabidhi cherehani, sisi huenda kuimba kwaya. Mwaka ule Wajerumani wakaomba afisa badala ya waimbaji, aje ajifunze jinsi wilaya ya mashambani inavyoendeshwa. Akateuliwa yeye. Alikaa miezi kumi na minne, akilala kwa mstaafu mmoja wa posta, na kila Jumatatu aliingia ofisi ya wilaya na daftari lake. Alikaa kaunta ya usajili wa magari, akapanda lori la taka, akahudhuria vikao vya baraza vya kujadili barabara ya kilomita mbili. Akajifunza Kijerumani mpaka akawa anagombana kwa lugha hiyo.

Akarudi na taarifa. Kurasa mia mbili na kumi na mbili, zimepigwa chapa kwa mashine, jina lake "Wilaya ya Wolmersrode: Jiografia, Utawala na Uchumi, Pamoja na Mapendekezo". Nimeisoma yote. Alinipa msimu mmoja wa theluji na nikaona aibu kuirudisha bila kuisoma. Nasema bila kumpendelea, maana kumpendelea si tabia yangu: ni kazi nzuri. Kuna sehemu anaeleza jinsi bei ya maziwa inavyopangwa, nami nisiyejua ng'ombe nikaelewa. Kuna sehemu ameandika, "Vijana wa Wolmersrode huondoka mara wanapomaliza shule. Wanaobaki ni wazee na mifugo." Alipoandika hayo hakujua kuwa naye angeondoka kwao akiwa na mvi.

Kilichommaliza ni pendekezo la saba. Kule Wolmersrode mkuu wa wilaya huchaguliwa na wananchi wenyewe kwa kura. Mzee Mchome akapendekeza kwamba nasi tufikirie jambo hilo. Mkubwa wake alifungua ukurasa wa mapendekezo tu, akafika la saba, akalifunga kabrasha. Baada ya miezi sita afisa mipango akajikuta anatunza stoo ya mbolea. Hakufukuzwa wala hakugombezwa. Hakuna tu aliyemuuliza tena swali lolote kuhusu Wolmersrode, na hilo kwake lilikuwa baya zaidi.

Baadaye mkewe, marehemu Eliakunda, akashinda bahati nasibu ya green card, wakaja Minnesota na binti yao Doris. Eliakunda alifariki miaka mitatu iliyopita. Doris sasa ni mtu mzima, anafanya kazi benki, anaelewa Kiswahili chote na kujibu Kiingereza. Na mzee, mwenye umri wa miaka sitini na tatu, anasimama saa kumi kwa siku akiskani maboksi ya watu wasiomjua. Taarifa iko ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya kitanda.

Nami pia nina yangu. Nilifanya kazi masjala ya halmashauri miaka kumi na mmoja, nikamfuata mume aliyekuwa akisoma huku. Mume akahitimu, akapata kazi Texas na mke mwingine hukohuko. Ndiyo maana tunapatana, mimi na mzee: wote wawili tunajua kufungua jalada, na hapa hakuna jalada.

Basi mwishoni mwa Septemba, Hemed akaweka tangazo kwenye kundi letu la WhatsApp. Hemed ni kijana wa Pemba, anashughulikia kompyuta kwenye kituo kimoja kidogo cha utafiti Saint Paul, si mbali na Frogtown. Kituo kilikuwa kinalinganisha maisha ya wakulima wa Minnesota na wa Ujerumani, na kilitaka mtu wa kukaa mwaka mzima akisoma nyaraka za wilaya za mashambani za miaka ya tisini, zile zilizokuja kufutwa na kuunganishwa na jirani zao. Awe anasoma Kijerumani. Awe anajua wilaya hizo ziliendeshwaje. Maombi kwa baruapepe, mwisho Ijumaa tarehe kumi, saa kumi na moja jioni.

Nililisoma mara tatu. Wolmersrode yenyewe ilifutwa mwaka 2007. Hilo aliniambia mwenyewe, siku moja tukiwa kwenye foleni, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Herufi za WOL ziliondolewa, ofisi ya ghorofa nne ikawa nyumba ya wazee. Siku ile nilicheka. Sasa hapa palikuwa na watu wanaotafuta kwa tochi kile kilichokuwa chini ya kitanda chake.

Asubuhi iliyofuata hakuniambia habari za bitiruti. Alikaa na simu yangu mkononi akisoma tangazo, miwani puani, mpaka tukafika Shakopee.

"Baba Doris," nikamwambia, "hii ni yako. Iandike leo, itume leo."

"Nitaiandika, Bi Fadhila. Lakini kwa utaratibu."

"Utaratibu gani? Ni email."

"Kila kitu kina utaratibu." Akanirudishia simu kwa mikono miwili. "Unajua mimi nataka nini? Sitaki hata mshahara wao. Nataka mtu mmoja aniulize swali kuhusu kitu kile kabla sijafa. Mmoja tu."

Niliegesha gari.

Aliandika Jumamosi na Jumapili yote, kwenye meza ya jikoni, kamusi mbili pembeni. Jumatatu tarehe sita, tukiwa tunarudi kutoka kazini, akanipa bahasha ya kaki. Ndani kulikuwa na barua ya kurasa mbili, Kiingereza cha ofisi kilichonyooka. Juu kulikuwa na anwani yake ya Columbia Heights, kisha anwani ya kituo na baruapepe yake, kisha mstari uliosema, "Kupitia kwa: Msimamizi wa Zamu ya Asubuhi". Kisha "Yah:" na kichwa cha habari, kisha barua. Alieleza miezi kumi na minne, taarifa, kurasa zake. Aliomba mwajiri wake wa sasa aipitishe barua na aridhie kumwachilia endapo atachaguliwa. Mwisho kabisa: "Nakala: Bi. Fadhila, kwa taarifa. Jalada."

"Wewe ni mtu wa masjala," akasema. "Najua utaitunza."

Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni kwangu, koti bado mwilini. Nilifurahi kwa kweli. Nikajisemea, barua imekaa sawa kabisa, hata mkurugenzi wangu wa zamani asingepata pa kutia kalamu nyekundu. Masjalani tulifundishwa tangu siku ya kwanza: nakala ya taarifa haifanyiwi kazi, hutunzwa. Nikaandika pembeni "Imepokelewa 6/10", nikatia sahihi, nikaiweka kwenye droo pamoja na bima ya gari.

Wiki ile mzee alibadilika. Alikwenda duka la mitumba akanunua koti la kijivu lenye mabega mapana. Ndani ya gari akawa anajisomea Kijerumani kwa sauti, maneno marefu ya kukatisha pumzi. Siku ya Jumatano nilimuuliza, "Barua imeenda?"

"Imeenda."

"Wamejibu?"

"Bado. Faili linatembea, Bi Fadhila. Hata Wolmersrode, karatasi ya kijijini ilipita kwa mkuu wa kijiji, ikaja wilayani, ndiyo ikaenda juu. Hakuna iliyoruka ngazi. Wajerumani wana neno lake, Dienstweg. Njia ya ofisi."

"Haya," nikasema. Nikawasha redio.

Ijumaa tarehe kumi ilikuja ikapita. Mimi nilikuwa nimeshika usukani saa kumi na moja jioni, ninakumbuka kwa sababu tulikuwa tumekwama kwenye foleni na yeye alikuwa ananieleza kiwanda cha mbao. Wiki iliyofuata ikapita nayo. Nilidhani kituo kinachelewa kama ofisi zote zinavyochelewa.

Jumatatu tarehe ishirini tukafika getini Shakopee. Mimi nikagusisha beji, taa ya kijani. Yeye akagusisha, nyekundu. Akaifuta beji kwenye suruali, akagusisha tena. Nyekundu. Mlinzi akamwomba asimame pembeni. Nilimwona amesimama pale na kopo lake la chakula, watu wakimpita, na wengine ni watoto wa juzi aliowafundisha kazi.

Aliitwa ofisi ya wafanyakazi, nikaingia naye, na yeyote aliyetaka kunizuia hakuthubutu. Binti mmoja mwenye adabu alifungua kompyuta akamwambia kwamba kufuatana na barua yake ya kuacha kazi, Ijumaa iliyopita ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho. Wanamshukuru kwa huduma yake.

"Sijaandika barua ya kuacha kazi," mzee akasema.

Binti akaigeuza skrini. Ilikuwa ile barua ya kurasa mbili.

Nikamtafuta Wanjohi, msimamizi wetu wa zamu. Ni Mkenya, mtu wa Nyeri, si mbaya, ila anaongea kama anakimbizwa. Nilimkuta kwenye mkanda wa maboksi, nikamfokea mbele ya timu yake nzima.

"Wanjohi, umemfanya nini mzee?"

"Mimi? Sista, skiza. Mzee alikuja Monday akanipea envelope, ati nipitishe. Nikasoma, naona ana-apply job ingine. Nani hupea boss wake application ya job ingine? Nikajua ana-quit na heshima, vile wazee hufanya. So nika-forward kwa HR. Hata niliwaandikia ni good worker, wamlipe vizuri!"

"Barua ilikuwa inatakiwa iende Saint Paul!"

"Na ningei-send aje Saint Paul? Mimi ni posta?" Akanitazama, na nikaona imeanza kumwingia. Akavua glavu. "Ai. Woi. Mzee alikuwa anangoja mimi?"

"Alikuwa anakungoja wewe."

Wanjohi aliacha mkanda, akaenda mwenyewe kuwaomba. Nitampa haki yake, aliomba mpaka sauti ikamkauka. Lakini jina lilikwisha kutoka kwenye mfumo, na nafasi ilikwisha kupewa mtu. Mzee aombe upya kwenye mtandao, wakamwambia, asubiri siku tisini kama watu wote. Alishukuru. Alimshukuru binti, akamshukuru Wanjohi, akamshukuru hata mlinzi aliyempokonya beji. Shukrani zile zilinitia hasira kuliko matusi.

Niliomba ruhusa ya dharura nikamrudisha nyumbani. Ndani ya gari akasema polepole, kama mtu anayepiga hesabu ya umbali, "Sasa kama Wanjohi hakuipeleka, basi kituo hawakuipata."

Tukampigia Hemed, nikaweka simu kwenye spika.

"Shikamoo Mzee," Hemed akasema. "Pole na kazi. Mzee, tulikusubiri bwana. Mkurugenzi nilikwisha mwambia habari zako, kwamba kuna mtu ana kitabu kizima cha wilaya moja ya kule. Akaniuliza mara mbili, 'Where is your man?' Mpaka Ijumaa saa kumi na moja anaangalia email."

"Na sasa?" mzee akauliza.

"Wameshampa mtu wa Wisconsin. Kijerumani anasoma. Vijijini huko hajafika."

"Hemed," nikaingilia, "mkono ulikuwa umevunjika? Hukuweza kumpigia?"

"Dada Fadhila, nilidhani ameghairi. Mtu mzima vile, nitamsukumaje? Niliona aibu."

Nilikata simu. Na hapo nikamgeukia mzee mwenyewe, mtu aliyenizidi miaka kumi na tano, nikasema yote. Nilimwambia hapa si halmashauri. Nilimwambia nchi hii hakuna mjinga anayepitisha maombi ya kazi kwa bosi wake, kwamba angebonyeza mara moja tu sasa hivi angekuwa ameketi kwenye kiti chake Saint Paul. Nilimwambia miaka thelathini amebeba wilaya ya watu mgongoni, na siku watu wanaitaka anawapelekea wapakia maboksi. Nilisema "Wajerumani wako" kwa mdomo mbaya. Alitazama mbele. Tulipovuka mto hakusema chochote, na ilikuwa mara ya kwanza kuvuka mto ule bila kusikia habari za Wolmersrode.

Nilipoegesha mbele ya jengo lake, akafungua mkanda, akakaa bila kushuka.

"Ile nakala yako unayo?" akauliza. "Ya kwangu nilimpa Wanjohi iwe ya ziada, endapo ya kwanza itapotea. Jalada limebaki na pengo."

"Ninayo," nikasema. "Nitaileta kesho."

Nilifika kwangu nikaenda moja kwa moja kwenye droo. Ilikuwa pale, chini ya bima ya gari, haina hata mkunjo. Nikakaa nayo kitandani. Juu, kwa herufi kubwa zilizonyooka, ilikuwa baruapepe ya kituo. Chini yake ulikuwa mstari wa "Kupitia kwa". Nilikuwa nimeusoma. Niliusoma Jumatatu ile nikiwa nimesimama jikoni na simu mfukoni mwa koti, na nikaona umekaa sawa. Nilikuwa na siku tano. Kuipiga picha na kuituma kungenichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji ya chai.

Kesho yake nikapanda ngazi. Doris alikuwepo, hajaenda kazini, macho mekundu. Amekaa na kompyuta mapajani akimjazia baba yake fomu ya ghala upya.

"Auntie, did you know he did it like that?" akaniuliza.

Nilisema, "Nilijua." Kisha nikasema tena kwa sauti, kusudi mzee asikie, "Niliiona barua, Doris. Nilikuwa nayo wiki nzima."

Doris akanitazama. Kisha akarudisha macho kwenye fomu.

Mzee alipokea nakala kwa mikono miwili, akavaa miwani, akaipitia kuanzia anwani mpaka mwisho. Akafika kwenye ile kona niliyoandika tarehe na kutia sahihi. Akaigusa kwa kidole.

"Umeitunza vizuri, Bi Fadhila," akasema, na hakuwa ananidhihaki. Akaitoboa matundu mawili, akaifunga jaladani, akaniuliza kama nitakunywa chai.